Diski Imejaa: Nani Amekula Nafasi?

Mwaka 1990 maabara ya Ben Shneiderman katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ilikuwa na diski moja ya megabaiti 80 iliyotumiwa na watu 14. Ikajaa. Kumuuliza kila mmoja ameweka nini kusingesaidia sana, maana watu wengi hawajui walichonacho, na orodha za mafolda huchosha jicho kabla halijafika mwisho. Shneiderman akatafuta picha. Alitaka diski nzima ionekane kwa mara moja, kila folda ikipewa eneo linalolingana na ukubwa wake. Alichopata ni mstatili unaokatwa kwa wima, kila kipande kikakatwa kwa mlalo, kisha kwa wima tena, hadi kwenye faili la mwisho. Mwanafunzi wake Brian Johnson akaiandikia programu ya Macintosh. Leo michoro ya namna hiyo inaonyesha masoko ya hisa na bajeti za serikali, na ni wachache wanaojua kwamba ilizaliwa na diski iliyojaa.

Kinachonivutia ni mpangilio wa kazi yake: aliona kwanza. Sisi huanza upande wa pili. Mstari wa diski C kwenye Windows unageuka mwekundu, tunafuta picha za sherehe na nyimbo za zamani, tunapata gigabaiti 3, na baada ya wiki mstari ni mwekundu tena. Tukichoka tunaipeleka kompyuta kwa fundi, naye jibu lake tunalijua: "Tupige window upya." Mimi nasema diski iliyojaa ni kesi ya hesabu kabla ya kuwa kesi ya usafi. Kompyuta ina hesabu mbili za nafasi, zinafanywa kwa njia tofauti, na mara nyingi hazilingani. Anayejua kuzilinganisha humpata mla nafasi upesi. Asiyejua hufuta visivyo na hatia.

Nafasi ambayo haikuwahi kuwapo

Kwanza tuyaondoe malalamiko yasiyo na mshtakiwa. Umenunua laptopu yenye diski ya gigabaiti 256, Windows inasema 238. Ya 500 inasomeka 465, ya terabaiti 1 inasomeka 931. Muuzaji hakukuibia. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows inagawanya kwa 1,073,741,824 na bado inaandika GB. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa majina tofauti kwa hesabu hizo mbili mwaka 1998, lakini Windows haikuyafuata. Apple kwa upande wake ilihamia hesabu ya kiwanda katika Mac OS X 10.6 ya mwaka 2009, ndiyo maana flashi ileile inaonekana kubwa zaidi kwenye Mac. Baada ya hapo vinakatwa vipande vya kuwashia na kuokolea mfumo, na tangu toleo la 1903 la mwaka 2019, Windows 10 iliyokuja na kompyuta mpya hujitengea takriban gigabaiti 7 kwa ajili ya masasisho yake.

Hapa kwetu kuna ukataji wa ziada. Fundi akifunga Windows mara nyingi huigawa diski mara mbili: C anaipa gigabaiti 80 au 100, inayobaki anaiita D. Sababu yake ilikuwa nzuri enzi za Windows XP, maana mfumo ukifa unafuta C na mafaili yako yanabaki salama D. Tatizo ni kwamba Windows huweka kila kitu C isipoambiwa vingine: programu, masasisho, Desktop, Downloads, nyaraka zako, na folda iliyofichwa ya AppData ambamo kila programu hutupa vitu vyake. Mwenye kompyuta naye huweka kila kitu juu ya Desktop kwa sababu ndipo anapopaona. C inakabwa koo, D iko tupu. Laptopu nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa ajili ya kujaa zina nusu ya diski haijaguswa, na tiba yake haihitaji kufuta hata faili moja: bofya kulia folda ya Downloads au Videos, fungua Properties, nenda kwenye kichupo cha Location, uihamishie D. Binafsi naona ugawaji huu umepitwa na wakati. Kinga ya mafaili ni nakala kwenye diski nyingine, kwa kuwa diski ikifa hufa na C na D kwa pamoja.

Hesabu mbili

Tuje kwenye kiini. Mfumo wa mafaili wa Windows, NTFS, unatunza ramani ya diski nzima. Diski imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo klasta, kwa kawaida kilobaiti 4 kila kimoja, na ramani inaweka alama moja kwa kila klasta: imeshikwa au iko huru. Ule mstari wa bluu au mwekundu unaouona hutoka kwenye ramani hii, na ramani haijui wala haijali klasta imeshikwa na nani. Hesabu ya pili ni ya kuingia folda hadi folda, faili hadi faili, na kujumlisha ukubwa. Kwenye Linux na ndugu zake hesabu hizi zina amri mbili zenye majina: df husoma ramani, du hutembea kwenye mafolda. Amri ya du ilikuwamo tangu toleo la kwanza la Unix, mwaka 1971, na bado inatumika kila siku.

Chukua laptopu ambayo C yake ina gigabaiti 238 na Windows inasema 221 zimetumika. Ingia C, chagua kila kitu kinachoonekana, fungua Properties, subiri ihesabu. Inakuambia 187. Gigabaiti 34 hazina mwenyewe. Hapo ndipo watu huanza kushuku virusi, lakini tuzitafute kwanza.

Kuna faili liitwalo hiberfil.sys, ambalo Windows huandikia yaliyomo kwenye RAM kompyuta inapolazwa. Kwa kawaida kwenye Windows 10 ukubwa wake ni asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo mwenye RAM ya gigabaiti 16 ana 6.4 zilizokwenda huko. Asiyelaza kompyuta yake anaweza kuandika powercfg /h off katika dirisha la amri la msimamizi na faili likatoweka papo hapo. Atapoteza na uwashaji wa haraka wa Windows, jambo ambalo kwenye SSD hatalihisi sana. Lipo pagefile.sys, mahali pa kuhamishia kazi RAM ikizidiwa, tuseme gigabaiti 8, hilo liache. Ipo folda iitwayo System Volume Information, inayotunza alama za kurejesha mfumo. Hata ukiwa msimamizi inakukatalia kuingia, lakini amri ya vssadmin list shadowstorage itakuambia imeshika kiasi gani, tuseme 7. Ipo ProgramData, ambayo imefichwa na kwa hiyo hukuichagua, tuseme 3. Na kuna akaunti ya mdogo wako aliyeazima laptopu alipokuwa chuo. Windows haina ruhusa ya kuingia kwenye folda yake kwa jina lako, kwa hiyo inairuka kimya kimya, bila kukuambia kwamba imeiruka. Humo mna 9 na ushee. Hesabu imefunga, na hakuna virusi.

Katika hayo yote, hilo la kuruka kimya kimya ndilo linalonikera. Chombo cha kupimia kinachokutana na mlango uliofungwa kilipaswa kusema, "sikuingia hapa." Kikinyamaza, mtu anaichukua namba pungufu kama ukweli na kuanza kufanya maamuzi juu yake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa yeyote anayepima ni kuiendesha programu ya kupimia kwa mamlaka ya msimamizi. Bila hivyo unapima ulichoruhusiwa kuona tu.

Kosa la pili linakwenda kinyume, la kuhesabu zaidi ya kilichopo. Ndani ya C:\Windows mna folda ya WinSxS, ghala la vipande vya mfumo. Ukiipima kwa Properties inaweza kukuonyesha gigabaiti 10 na zaidi, na wengi wameitamani kuifuta. Sehemu kubwa ya uzito huo ni hesabu iliyorudiwa. NTFS inaruhusu faili moja liwe na majina mawili katika folda mbili, yote yakielekeza kwenye data ileile, na mafaili mengi ya System32 ni jina la pili la yaliyomo WinSxS. Properties inahesabu kila jina kana kwamba ni faili zima. Amri ya Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore huweka mambo wazi: inataja ukubwa unaoonekana, ukubwa halisi, na kama kuna haja ya kusafisha. Kama ipo, badilisha neno la mwisho liwe /StartComponentCleanup, Windows ijisafishe yenyewe. Anayeingia WinSxS kwa mkono na kufuta anachokiona hujikuta na kompyuta isiyowaka.

OneDrive nayo imeleta mkanganyiko wake. Faili linaweza kuonekana kwenye kompyuta, lina jina na ukubwa wa megabaiti 700, kumbe data yake iko kwenye seva na hapa kuna jina tu. Properties hutoa mistari miwili, ukubwa wa faili na ukubwa wake kwenye diski, na huo wa pili ndio unaokuhusu. Mtu akiyafuta mafaili hayo ili kupata nafasi hapati nafasi, na anayapoteza kwenye seva pia. Anachotakiwa kubofya ni Free up space, ambayo huondoa data ya hapa na kuiacha ya kule.

Picha, na kinachokosekana ndani yake

Wazo la Shneiderman lilikuwa na kasoro moja: mstatili ukikatwakatwa sana hutoa vipande vyembamba vilivyorefuka, na jicho haliwezi kuvilinganisha. Mwaka 2000 Mark Bruls, Kees Huizing na Jarke van Wijk wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Eindhoven, Uholanzi, walichapisha njia ya kukata vipande vikaribie umbo la mraba, na kutoka chuoni hapo ikaja programu ya SequoiaView. WinDirStat, ambayo mafundi wengi wanayo kwenye flashi zao, ni ya ukoo huo. Kwenye Mac kuna GrandPerspective. Kwenye Linux kuna ncdu, isiyo na picha yoyote, orodha tu iliyopangwa kuanzia kubwa, nami ningeichagua hiyo kuliko nyingi zenye rangi.

WizTree inastahili maelezo kwa sababu ya kasi yake. Programu ya kawaida hufungua folda moja baada ya nyingine, na kwenye diski ya zamani inayozunguka kazi hiyo inaweza kula nusu saa. NTFS, hata hivyo, ina jedwali moja linaloorodhesha kila faili lililomo, jina lake na ukubwa wake. WizTree huenda moja kwa moja kwenye jedwali hilo. Ni sawa na ofisa wa sensa aliyeacha kupiga hodi mlango kwa mlango akaenda kuliomba daftari la mjumbe wa nyumba kumi. Kazi inakwisha kwa sekunde chache, na kwa kuwa haiulizi folda ruhusa, vyumba vilivyofungwa navyo vinahesabiwa.

Ukiitazama picha yenyewe kwa mara ya kwanza, kitakachokushangaza ni uchache wa wakosaji. Kwa kawaida mapande makubwa hayazidi kumi. Utaona video. Utaona folda ya barua za Outlook, ambayo faili lake moja linaweza kukua hadi gigabaiti 50 kabla halijagoma. Utaona nakala rudufu ya iPhone ambayo mwenyewe hakujua inafanyika kila alipochomeka simu kuichaji, diski ya kompyuta pepe iliyobaki tangu masomo ya mtandao, au mchezo mmoja wa kompyuta wenye gigabaiti 100. Nyaraka zako za Word hutaziona kabisa. Nyaraka 1,000 za kilobaiti 100 kila moja ni megabaiti 100, chini ya nusu saa ya video ya kawaida. Mwenye steshenari anayefuta kazi za wateja ili C ipumue anapoteza kazi za wateja, C haipumui.

Lakini picha hii inaonyesha ukubwa tu, haionyeshi mwendo. Tuseme video za harusi zenye gigabaiti 60 zimelala hapo tangu 2021 na wakati wote huo kompyuta ilikuwa na nafasi. Kama diski imejaa wiki hii, mkosaji huenda ni kitu chenye gigabaiti 9 ambacho Jumatatu kilikuwa na 2. Katika picha kitaonekana kipande cha wastani pembeni ya pande kubwa la harusi, na kila mtu atalinyooshea pande kidole. Kwa hiyo pima leo, hifadhi matokeo, pima tena baada ya siku mbili, kisha linganisha. Ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Windows 7 ilikuwa na mfano wa kufundishia. Mfumo huandika logi za masasisho katika faili la CBS.log ndani ya C:\Windows\Logs\CBS. Logi ikiwa kubwa, Windows huibana kwa programu iitwayo makecab, na makecab haiwezi faili linalozidi gigabaiti 2. Ikitokea logi imevuka kiasi hicho, makecab inaanza kazi, inaandika faili la muda katika C:\Windows\Temp, inashindwa, inaliacha hapohapo. Baadaye inajaribu tena, inaacha lingine. Kila moja lina takriban megabaiti 100 na jina linaloanza na cab_. Mwenye kompyuta anaifuta Temp yote, anapata nafasi tele, anashukuru. Siku chache baadaye imejaa. Anafuta tena. Mchezo huo unaweza kuendelea hata mwaka kwa sababu anafuta matokeo na kuiacha logi nene iliyoyazaa. Ukiiondoa hiyo logi moja, mafaili ya cab_ hayarudi.

Kwenye seva

Kwenye seva za Linux pengo kati ya hesabu mbili huwa kubwa kuliko kwenye Windows, na lina mambo zaidi ya kusema. Tuseme seva ya shule au zahanati ina diski ya gigabaiti 100. Amri ya df inasema imejaa asilimia 100, du inajumlisha na kupata 60 tu. Mara nyingi jibu ni faili lililofutwa ambalo bado liko wazi. Katika Unix jina la faili na data yake ni vitu viwili. Amri ya rm huondoa jina. Data inabaki hadi programu ya mwisho inayolitumia ilifunge. Msimamizi ameona logi ya gigabaiti 40, ameifuta, na df haijasogea hata kidogo. Huduma inayoiandika bado imelishikilia faili lisilo na jina na inaendelea kulinenepesha, na du hailioni kwa kuwa haina jina la kulifikia. Amri ya lsof +L1 huyaorodhesha mafaili ya namna hiyo na programu iliyoyashika. Izime huduma na uiwashe, gigabaiti 40 zitarudi kwa mkupuo. Aliyekwisha kuumwa na nyoka huyu hafuti tena logi iliyo kazini: huikata kwa truncate -s 0, jina likabaki na uzito ukaisha.

Sababu ya pili inahusiana na umeme wetu. Seva imepangiwa kuandika nakala rudufu kila usiku kwenye diski ya nje, katika folda ya /mnt/backup. Umeme unakatika, unarudi, seva inawaka lakini diski ya nje haikuunganishwa. Folda ya /mnt/backup bado ipo, ila sasa ni folda ya kawaida ndani ya diski kuu, na kazi ya usiku haijui tofauti. Inaandika humohumo usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku ya nne mtu anagundua diski ya nje haisomeki, anaiunganisha, nayo inakaa juu ya folda ileile na kuvifunika vyote vilivyoandikwa chini yake. Kuanzia hapo nakala za siku tatu zimeshika nafasi kwenye diski kuu na hakuna amri ya kawaida inayoziona. Iondoe diski ya nje kwa muda na utazikuta. Au iunganishe diski kuu mahali pa pili kwa mount --bind, uchungulie kilicho chini. Kinga yake ni mstari mmoja katika skripti ya nakala unaokagua, kwa mountpoint, kama diski ya nje imo kabla ya kuandika chochote.

Mengine niyataje kwa haraka. Mfumo wa ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi pekee. Kwenye diski ya terabaiti 4 ya kuhifadhia video hizo ni gigabaiti 200 zisizo na kazi, na tune2fs -m 1 huzipunguza. Na kuna kujaa kusikohusu ukubwa kabisa: ext4 huamua tangu siku ya kufomati idadi ya mafaili ambayo diski itaweza kubeba. Tovuti inayoandika faili dogo kwa kila mgeni na isiyoyafagia inaweza kuimaliza idadi hiyo huku nusu ya diski ikiwa tupu. Seva itasema haina nafasi, df itasema ipo. Andika df -i ndipo utaona iliyokwisha ni idadi.

Kwenye Mac linalosumbua ni kufuta bila kuona tofauti. Tangu Apple ilipoleta mfumo wa APFS mwaka 2017, Time Machine, programu yake ya nakala rudufu, hupiga snapshoti za diski nzima ndani ya diski yenyewe. Faili ulilolifuta leo bado limo katika snapshoti ya asubuhi, kwa hiyo nafasi haiachiwi. Snapshoti hizo hujifuta zenyewe baada ya saa 24 hivi au nafasi ikibana. Mwenye haraka ataziona kwa tmutil listlocalsnapshots /. Wakati mwingine zinahesabiwa ndani ya lile fungu la System Data ambalo watu hulitazama kwa woga.

Vinavyotujaza sisi

Nikiangalia kompyuta za watu wa kawaida, kinachokua zaidi kinatoka kwenye simu. Telegram ya kompyuta ina folda yake ndani ya Downloads, na kando yake ina kache iliyofichwa ndani ya AppData. Aliyejiunga na chaneli za filamu anaweza kukuta gigabaiti kadhaa kwenye folda asiyowahi kuifungua. Kikomo cha kache kiko kwenye mipangilio yake, dakika moja unakipunguza. Video moja ya mahubiri au ya utani hupokelewa katika makundi matano ya WhatsApp, na mtu akihamisha kila kitu kutoka simu kila baada ya miezi michache anatengeneza folda "picha za simu", kisha "picha za simu 2", kisha "picha zote mpya", kila moja ikiwa na zile za zamani ndani yake. Picha ya mstatili haitakuambia kwamba mapande matatu ni kitu kimoja. Programu ya dupeGuru au Czkawka italinganisha yaliyomo, ikuonyeshe nakala zilizorudiwa hata zikiwa na majina tofauti.

Flashi ina kisa chake. Inarudi kutoka kwenye kompyuta ya kuchapishia, unaifungua, ina njia moja ya mkato au haina kitu, ila mstari wake unaonyesha imejaa. Hesabu mbili hazilingani, na hapa pengo kweli ni la virusi. Virusi hivyo huyapa mafaili yako alama ya kufichwa na kuweka njia za mkato mahali pake ili ukizibofya viamke. Mafaili yapo. Amri ya attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E, huyarudisha machoni. Kisha ndipo unasafisha virusi. Wanafunzi wangapi wamefomati flashi yenye tasnifu nzima kwa kudhani ni tupu!

Programu za kusafisha zinazojitangaza kwa kelele sizipendekezi. Zinachofuta kwa sehemu kubwa ni kache za vivinjari, ambazo hurudi ndani ya siku chache kwa sababu zina kazi. Kusafisha rejista hakurudishi nafasi ya maana. Na unapoipa programu ngeni mamlaka ya kufuta popote, unaipa mengi. Septemba 2017 iligundulika kwamba toleo la 5.33 la CCleaner, lililopakuliwa na watu zaidi ya milioni 2, lilikuwa limepandikizwa programu hasidi kabla ya kutoka kwa mtengenezaji. Windows 10 na 11 zina Storage Sense ndani yake, bure, na inatosha kwa masasisho yaliyopitwa na folda ya Windows.old.

Ukishapima na kulinganisha, wakati mwingine jibu ni kwamba hakuna mkosaji. Mpiga picha za harusi ana gigabaiti 900 kwa sababu ndiyo kazi yake. Hapo kinachobaki ni diski ya nje, na sokoni diski za nje na flashi za bei ya kutupa zinazodai terabaiti 2 huwa zimechezewa: zinajitangaza kubwa, kumbe uwezo wake ni gigabaiti 32 au 64, na kila kinachozidi hapo hupotea au huandikwa juu ya kilichotangulia bila onyo lolote. Utaliona jina la faili na ukubwa wake kamili, lakini halitafunguka. Kabla ya kuhamishia chochote na kukifuta kule kilikotoka, ijaribu diski mpya kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizo huijaza diski yote kwa data ya majaribio, kisha huisoma upya na kulinganisha. Kwa diski ya terabaiti 1 kwenye tundu la zamani la USB 2 kazi hiyo huchukua zaidi ya saa 9 kuandika na karibu nyingine kama hizo kusoma, kwa hiyo ianze jioni, na laptopu iwe kwenye chaja.